Namna ya Kuwafunga Maksai Nira Moja, na Wenye Maksai Pia

Katika nyanda za Teso, mashariki mwa Uganda, kuanzia Kumi na Ngora hadi Serere na Soroti, mvua za kwanza za Machi humkuta mkulima akikagua shingo za ng'ombe wake kabla hajakagua mbegu. Plau, yaani jembe la chuma linalokokotwa na ng'ombe, ilianza kuenea huku takriban mwaka 1910, wakati pamba ilipokuwa ikihimizwa, na watu wakaizoea kiasi kwamba wezi wa mifugo walipomaliza karibu ng'ombe wote wa Teso katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, familia nyingi zilirudi kwenye jembe la mkono kwa uchungu wa mtu aliyenyang'anywa kiungo cha mwili. Ng'ombe wamerudi pole pole, lakini maarifa ya kuwafunga hayakurudi yote pamoja nao, kwa sababu vijana wa miaka hiyo walikua bila kuona nira.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuwafunga maksai wawili kwa mara ya kwanza. Kwa kuwa wengi wetu hatuna maksai wawili bali mmoja, nitaeleza pia namna ya kuunganisha kaya mbili au tatu ili nira moja ipate shingo mbili. Kazi hizo mbili nazihesabu kuwa moja, kwa kuwa kosa linalomchubua ng'ombe ndilo hilo hilo linalowagombanisha majirani: kudhani kwamba kuunganisha ni kufunga tu, na kwamba mti ukishakaa juu ya shingo mbili mzigo utajigawa wenyewe.

Kuchagua jozi

Waswahili husema mafahali wawili hawakai zizi moja, nao wamesema kweli, ila maksai si fahali. Dume aliyehasiwa hutulia, huvumilia mwenzake ubavuni, na nguvu zake hazipotei kwenye ugomvi wala kwenye kufuata majike. Uhasi ufanywe na mtaalamu wa mifugo kwa koleo lisilokata ngozi, majuma kadhaa kabla ya mafunzo, ili mnyama awe amepona kabisa siku atakapoonja nira.

Umri mzuri wa kuanza ni miaka miwili na nusu hadi mitatu. Usitegemee maneno ya muuzaji. Mfungue ng'ombe mdomo utazame meno ya mbele ya taya la chini, kwa kuwa juu hana. Jozi ya kwanza ya meno mapana ya kudumu huonekana karibu na miaka miwili, na jozi ya pili hufuata baada ya hapo. Zebu wetu wa pembe fupi wanafaa sana kwa kazi hii, maana nundu yao ni kama kigingi kilichoumbwa mahali pake: mti wa nira hukaa mbele ya nundu, na mnyama husukuma kwa nguvu za mwili mzima. Ng'ombe wa Ankole ni fahari ya macho, lakini simshauri anayeanza kuwafunga wanyama wenye pembe ndefu namna ile bega kwa bega.

Sokoni, kabla hujalipa, pangua manyoya ya mahali pale mbele ya nundu kwa vidole vyako. Ukikuta manyoya meupe yaliyoota juu ya ngozi nyeusi au nyekundu, hilo ni kovu, na mnyama huyo amewahi kuchubuliwa na nira mbaya. Hilo halimaanishi kwamba hafai, bali linakuambia kwamba anaijua kazi na anayo sababu ya kuichukia, na bei ipungue kwa kadiri hiyo.

Kuhusu jozi yenyewe, watu hutazama rangi kwa sababu jozi ya rangi moja hupendeza, nami siwalaumu, lakini kinachofanya kazi ni kimo na mwendo. Wasimamishe wote wawili kwenye ardhi tambarare, ulaze fito iliyonyooka juu ya mabega yao, kisha urudi nyuma hatua kumi uitazame. Fito ikiinama kwa zaidi ya upana wa kiganja, jozi hiyo itakusumbua. Kisha watembeze pamoja kwa kamba bila kuwaswaga, uone nani anatangulia baada ya hatua hamsini. Kimo waweza kukirekebisha kidogo, kama nitakavyoeleza, lakini ng'ombe mwenye haraka na ng'ombe mzito wa miguu hawatafanana hata ukiwapiga. Sheria ya Musa ilikataza kulima kwa ng'ombe na punda pamoja, na wahubiri wetu hupenda kulitumia katazo hilo wanapowaonya vijana kuhusu ndoa. Aliyewahi kushika plau anajua kwamba kabla ya kuwa fumbo, lilikuwa neno la mkulima aliyeona punda akikosa pumzi.

Nira na vipimo vyake

Neno nira tumelipata kutoka Kiarabu, na katika vitabu vyetu vya historia limekaa vibaya: nira ya utumwa, nira ya ukoloni. Kwa hiyo wengi hufikiri kwamba nira ni chombo cha kutesea. Ilhali neno jozi, tunalolitumia kwa viatu na soksi bila kufikiri, nalo lilikuja kwa njia ya Kiarabu, na wanaofuatilia asili za maneno hulirudisha hadi neno la Kiyunani lenye maana ya nira. Anayesema jozi ya maksai, basi, ametaja nira bila kujua. Nira mbaya hutesa, na nira iliyochongwa vizuri hufanya wawili wahesabiwe kuwa kitu kimoja. Tofauti ya nira hizo ni sentimita chache tu.

Tafuta mti mwepesi usiopasuka, uliokauka kivulini. Wengi huku hutumia mkalitusi kwa kuwa unapatikana, na unafaa iwapo umekauka kabisa, kwani mbichi huwa mzito na baadaye hujipinda. Unene wa sentimita kumi hadi kumi na mbili unatosha. Kwa nira ya kulimia, umbali kutoka katikati ya shingo moja hadi katikati ya shingo nyingine uwe takriban sentimita 90, na mti wote uwe na urefu wa mita moja na robo hadi moja na nusu. Nira ya kupalilia huwa ndefu zaidi, kwa kuwa maksai hutembea kati ya mistari: ikiwa mahindi yamepandwa kwa mistari ya sentimita 75, shingo zitengane kwa sentimita 150. Usijaribu kupalilia kwa nira ya kulimia, la sivyo ng'ombe watapalilia mahindi yenyewe.

Kila shingo hupata vijiti viwili vinavyoshuka kutoka kwenye matundu ya mti, na chini vijiti hivyo huunganishwa kwa ukanda unaopita chini ya koo. Nafasi kati ya vijiti hupimwa kwa shingo ya mnyama mwenyewe, si kwa nira ya jirani. Kwa zebu wengi huwa sentimita 18 hadi 25. Kijiti kisibane wala kisiache shingo icheze. Ukanda wa koo uwe wa ngozi au wa kamba pana iliyosokotwa, na ukishaufunga, ngumi yako ipite kati yake na koo bila kusukumwa. Ukanda unaobana humkaba mnyama anapovuta, naye hulala chini, nasi humwita mvivu.

Sehemu ya chini ya mti, mahali unapogusa shingo, ipigwe msasa mpaka utakapoweza kuipitisha shavuni mwako bila kuogopa. Nasema shavuni makusudi, kwa kuwa kiganja cha mkulima kina sugu na hakifai kuwa shahidi. Pasiwe na msumari, waya, wala fundo la mti. Wapo wanaoweka gunia kama mto wa kuzuia uchubuzi. Mimi siwaungi mkono, kwa sababu gunia hushika jasho na mchanga, na huficha kosa ambalo mti laini ungelionyesha siku ya kwanza.

Pete ya katikati

Hapa ndipo palipo na siri ya kazi yote, nami niliijua kwa aibu. Mwaka mmoja maksai wangu alikufa kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, nikamnunua mwingine mkubwa kutoka upande wa Karamoja, nikamfunga na yule mdogo aliyebaki. Pete ya chuma inayoshika mnyororo niliiweka katikati kabisa ya mti, nikapima kwa futi, nikaridhika kwamba nimetenda haki. Siku ya tatu yule mdogo alikuwa na kidonda chenye upana wa sarafu mbele ya nundu, na kila tulipofika katikati ya shamba alikuwa akipiga magoti. Mzee mmoja wa jirani alisimama kwenye mpaka akitazama kwa muda mrefu bila kusema. Kisha akaja, akapima kwa vidole vyake juu ya mti.

"Mwanangu," alisema, "pete yako imekaa katikati ya mti, haijakaa katikati ya kazi."

"Nifanye nini, mzee?"

"Isogeze kwa yule mkubwa. Vidole vitatu."

Nilidhani amekosea, kwamba kumsogezea mkubwa ni kumpendelea. Kumbe ni kinyume: yule ambaye pete iko karibu naye ndiye anayebeba sehemu kubwa zaidi. Hesabu yake ni ile ya mzani. Shingo zikiwa na umbali wa sentimita 90 na pete ikiwa katikati, kila mmoja ana mkono wa sentimita 45 na kila mmoja huvuta nusu. Sogeza pete sentimita tano kuelekea kwa mkubwa, naye atakuwa na mkono wa 40, mdogo wa 50; wakitembea sambamba, mkubwa atavuta sehemu tano kati ya tisa na mdogo sehemu nne. Ikiwa plau inataka nguvu ya kilo 60, hiyo ni kama kilo 33 kwa 27. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini ni kubwa kwa mnyama anayeivuta kuanzia alfajiri. Kwa hiyo toboa matundu matatu: moja katikati, na mengine mawili kulia na kushoto kwa umbali wa sentimita tano.

Kilo 60 sikuzitaja ovyo. Kanuni ya kawaida ni kwamba maksai huweza kuvuta kwa saa nyingi nguvu iliyo karibu na sehemu moja ya kumi ya uzito wake, kwa hiyo wawili wenye kilo 300 kila mmoja wana kilo 60 za kutoa. Udongo mwepesi wa kichanga unaikubali plau ndogo kwa nguvu hiyo baada ya mvua. Udongo mzito wa bondeni haukubali, na huko utahitaji nira mbili na maksai wanne, au subira.

Kufundisha

Anza kwa kamba tu. Mnyama azoee kushikwa, kusimama, na kutembea kando yako kwa siku tatu au nne. Kisha mvike nira tupu, bila mnyororo wala mzigo, pamoja na maksai aliyekwisha kufundishwa ukimpata wa kuazima, maana ng'ombe mzee hufundisha kwa bega mambo ambayo wewe ungeyafundisha kwa mwezi. Muda wa saa moja kila asubuhi unatosha. Baada ya hapo wakokote gogo jepesi, kisha gogo zito, na mwisho plau. Majuma matatu hadi manne ni muda wa kawaida.

Kila mmoja apewe upande wake na asiubadilishe. Plau zetu hupindua udongo kulia, kwa hiyo maksai wa kulia hutembea ndani ya mfuo uliokwisha kulimwa na wa kushoto hutembea juu ya ardhi ambayo bado. Ndiyo sababu ukiwa na mmoja mrefu kidogo, mweke kulia, mfuo utaupunguza urefu wake. Kila mmoja apewe jina fupi, na majina yasifanane kwa sauti. Amri ziwe chache: twende, simama, kulia, kushoto. Lugha si hoja, mradi wote wanaowaongoza watumie maneno yale yale.

Mwanzoni unahitaji mtu wa kutangulia mbele na kamba, na kwa kawaida mtu huyo huwa mtoto. Jitahidi kuwafundisha maksai wafuate sauti kutoka nyuma kabla muhula haujaendelea mbali, kwa sababu mvua za Machi na za Agosti hazisubiri likizo, na mtoto anayeongoza ng'ombe hadi saa nne amekwisha kukosa masomo ya asubuhi.

Siku ya kulima

Mnyororo kutoka kwenye nira hadi plau uwe wa mita mbili na nusu hadi tatu. Ukiwa mfupi, huinua pua ya plau na ulimi wake, yaani chuma kinachokata udongo, hukwaruza tu. Ukiurefusha, plau huzama. Anza kabla jua halijachomoza, umalize saa nne au saa tano asubuhi.

Watu wengi hukosea kuhusu kiasi cha kazi, kwa hiyo tupige hesabu. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Ikiwa plau yako inakata upana wa sentimita 22, maksai, na wewe nyuma yao, mtatembea zaidi ya kilomita 18 kuimaliza, bila kuhesabu kugeuka. Kwa mwendo wa ng'ombe, kilomita mbili hadi tatu kwa saa, hizo ni asubuhi mbili kamili, na kwenye magugu ni tatu. Ni kweli kwamba ekari ya Waingereza ilianza kama eneo la kulimwa kwa siku moja, lakini walikuwa wakihesabu kundi la ng'ombe, si jozi moja iliyotoka kiangazi ikiwa imekonda. Na maksai wetu hukonda wakati mbaya kuliko wote, yaani mwisho wa Februari, kazi inapokaribia. Weka majani ya karanga na mabua ya mtama tangu mavuno, uwape hao kabla ya wengine.

Kila jioni pitisha mkono shingoni. Ukisikia joto au uvimbe, pumzisha siku mbili na ukague mti mahali pale pale. Kidonda kilichopasuka huoshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na mnyama hafungwi mpaka ngozi ifunge.

Kuwafunga wenye maksai

Sasa chukua mfano wa kawaida: wewe una maksai mmoja, jirani yako ana mwingine na plau, wa tatu hana mnyama lakini ana vijana wawili wenye nguvu. Ushirika kama huo huanza kwa furaha na huvunjika mvua ya pili inaponyesha, kwa sababu kila mtu anataka alimiwe kwanza. Kabla ya msimu, kaeni mfanye yale mliyowafanyia ng'ombe. Pimaneni kimo: mwenye ekari sita na mwenye ekari moja hawawezi kupewa siku sawa, na kujifanya kwamba ni sawa ni kuweka pete katikati ya mti. Aliyeleta maksai na plau apewe, kwa mfano, zamu mbili kwa kila zamu moja ya mwingine, lakini naye ndiye atakayetengeneza ulimi ukivunjika. Zamu moja iwe ya siku mbili, kwa kuwa huo ndio muda wa ekari moja, na mzunguko uendelee hata kama shamba halijaisha, ili kila kaya iwe na kitu ardhini kabla ya juma la pili la mvua.

Mwenye shamba linalolimwa ndiye hukata majani na kuchota maji ya siku hiyo. Mnyama akiumia shambani mwa mtu, mtu huyo hulipia dawa, isipokuwa chanzo ni nira, ambayo ni ya wote. Atakayetaka kumuuza maksai wake atoe taarifa msimu mmoja kabla, maana maksai mmoja akiuzwa, wa pili hubaki kuwa mzigo wa malisho. Andikeni hayo katika daftari la shule, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, atie sahihi kama shahidi. Si kwa kutoaminiana, bali kwa sababu mwaka ujao kila mtu atakumbuka alichokipenda. Na wale maksai wenyewe walazwe zizi moja majuma mawili kabla ya mvua, wazoeane na kunusana, hata kama ninyi wenye mifugo mngependa kila mmoja alale kwake.

Kufungua

Kazi ikiisha, fungua mnyororo kutoka kwenye plau kwanza, kabla hujagusa shingo, ili wakishtuka wasikimbie na chuma nyuma yao. Kisha msaidizi wako ashike kamba ya kulia, wewe ufungue ukanda wa koo wa kushoto bila kuachia kamba yake, halafu wa kulia, na wawili kwa pamoja mwinue mti kwenda mbele, kupitia juu ya vichwa, usiburuzwe juu ya nundu. Usimwache mmoja akisubiri na mti wote begani wakati mwenzake ameshaondoka. Waache wasimame mpaka pumzi irudi, ndipo muwapeleke majini, nayo nira itundikwe kivulini, mbali na mchwa, upande wa chini ukitazama juu.